Nitajuaje kama seva niliyokodi haijachezewa?

Swali: "Kampuni yetu hutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye mashine pepe tulizokodi katika wingu. Mtoa huduma anasema seva zake zina chipu ya TPM, na sasa anatuuzia mashine ambazo kumbukumbu yake imesimbwa ili hata yeye asiisome. Kwenye ukurasa wa usimamizi kuna alama ya kijani inayosema kila kitu kimethibitishwa. Mimi seva hizo sijawahi kuziona wala sitaziona. Nitajuaje kama hazijachezewa? Na kwa nini tulipoweka uhakiki wetu wenyewe ulipiga kengele kila baada ya sasisho, hadi wenzangu wakauzima?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na alama ya kijani, maana ndiyo iliyokutia wasiwasi, na wasiwasi wako ni wa haki. Alama ile ni neno la mtoa huduma. Huenda ni kweli, na mara nyingi huwa kweli, lakini wewe hujapokea ushahidi wowote. Umepokea taarifa kwamba ushahidi upo na kwamba yeye ameuona. Ukitaka kujua, ushahidi wenyewe uje mikononi mwako, uwe umetiwa saini na kitu ambacho mtoa huduma hawezi kukiigiza, uukague kwa mashine yako, na jambo la maana litegemee matokeo ya ukaguzi huo. Yote hayo yanawezekana leo. Nitakueleza yanavyofanyika na mahali watu wanapoteleza, maana nimeona wengi wakiteleza palepale.

Kwanza tuelewane kwa nini tunahitaji chipu. Ukiingia kwenye seva na kuiuliza kama faili zake ziko sawa, anayekujibu ni programu ileile unayoishuku. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikivamiwa itakuonyesha orodha safi ya michakato, itakupa hashi safi za faili (hashi ni alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, na yakibadilika nayo hubadilika), na kile inachotakiwa kukificha itakificha. Programu ya ukaguzi ukiiweka juu yake, nayo itaona tu kile inachoonyeshwa. Ongeza ya pili, ongeza ya tatu, zote zimekaa juu ya sakafu moja. Shahidi lazima awe chini ya sakafu hiyo.

Kwenye kompyuta nyingi shahidi huyo ni TPM. Kazi ilianza mwaka 1999, kampuni za Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft zilipoungana. Mwaka 2003 likazaliwa Trusted Computing Group, ambalo hadi leo ndilo linaloandika kanuni za chipu hii. Toleo la 2.0 lilitoka 2014, na mwaka uliofuata likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 11889. Ni chipu ndogo na ya polepole. Inajua kazi chache, na ina funguo ambazo haizitoi nje kwa amri yoyote.

Ndani yake mna rejista, yaani nafasi ndogo za kuhifadhia thamani, kwa kawaida 24, ziitwazo PCR. Tuitazame moja kwa karibu. Seva inapowashwa, PCR 0 huwa sifuri tupu: baiti 32, ukizichapa kwa heksa ni sifuri 64 zilizojipanga. Kabla faimuwea, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine, haijashika usukani, kipande cha kwanza kabisa cha msimbo hukokotoa hashi ya SHA-256 ya faimuwea hiyo na kuipeleka kwenye chipu. Chipu haiiandiki hashi hiyo juu ya zile sifuri. Inachukua thamani iliyokuwamo, inaiunganisha na hashi mpya, inakokotoa hashi ya vyote viwili kwa pamoja, na jibu ndilo linalobaki kwenye rejista. Kipimo cha pili kikija, inafanya vilevile: ya zamani, unganisha na mpya, kokotoa, hifadhi. Hakuna amri ya kuandika thamani unayoitaka. Rejista hizi za mwanzo hazirudi kwenye sifuri mpaka mashine iwashwe upya.

Ukikaa na jambo hilo kidogo utaona nguvu yake. Thamani ya mwisho imebeba kila kilichopimwa na mpangilio kilivyopimwa. A kabla ya B haitoi jibu sawa na B kabla ya A. Na kwa kuwa kila hatua humpima anayefuata kabla ya kumkabidhi usukani (faimuwea humpima kipakiaji, yaani programu inayoupakia mfumo wa uendeshaji, na kipakiaji huipima kerneli), programu chafu hupimwa kabla haijapata nafasi ya kufanya lolote. Ikishaamka inaweza kupeleka vipimo vingine vya uongo juu yake, lakini kile kipimo chake cha kwanza haiwezi kukifuta.

Chipu hii haizuii kitu, ndugu yangu. Inaandika tu. Anayezuia ni Secure Boot, na watu huwachanganya hawa wawili. Secure Boot hukataa msimbo usio na saini inayotambulika. Mwaka 2023 kulichambuliwa programu hasidi iitwayo BlackLotus iliyopita mbele ya Secure Boot bila shida: ilibeba kipakiaji cha zamani cha Windows, chenye saini halali na kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2022-21894. Kasoro hiyo ilikuwa imerekebishwa tangu Januari 2022, ila matoleo ya zamani hayakuwa yamefutiwa uhalali wa saini zao. Saini ilisema "huyu ni wa kwetu", na kweli alikuwa wa kwao. Kipimo kingesema ni yupi hasa kati ya wa kwao, na hapo toleo la zamani lingeonekana.

Sasa ushahidi unakufikiaje ukiwa mbali? Mhakiki wako, yaani programu inayoendeshwa kwako, hutuma namba ya nasibu ya kutumika mara moja tu. Chipu huchukua thamani za rejista pamoja na namba hiyo, inazitia saini kwa ufunguo wake wa ushahidi, na kukurudishia. Pamoja na saini hiyo unapokea daftari la matukio: orodha ya kila kilichopimwa, kwa mpangilio wake. Daftari lenyewe halina ulinzi, mtu anaweza kulihariri apendavyo, lakini wewe unalipitia mstari kwa mstari, ukikokotoa upya kama chipu ilivyofanya, na jibu lako la mwisho lazima lilingane na thamani iliyotiwa saini. Likilingana, umejua daftari ni la kweli, na sasa unaweza kuuliza swali lenye maana: kila kilichoandikwa humu, nakitambua? Andiko la RFC 9334 la Januari 2023 liliwapa wahusika hawa majina yanayokubalika na wote, yaani anayetoa ushahidi, anayeuhakiki, na anayeyategemea matokeo. Nakushauri ulisome, kwa sababu litakusaidia kumuuliza mtoa huduma maswali ambayo hataweza kuyazunguka.

Ile namba ya mara moja usiidharau. Niliwahi kuitwa kutazama mfumo ambao uhakiki wake ulikuwa wa kijani kwa miezi, haujawahi kukosea hata siku moja. Nikaomba seva moja izimwe kabisa, umeme utolewe. Tukasubiri. Alama ikabaki kijani. Tulipofungua msimbo wa mhakiki tukakuta namba ya mara moja ilikuwa imeandikwa mle ndani tangu siku za majaribio, ileile kila mara, na kisanduku kimoja cha kati kilikuwa kimehifadhi jibu la zamani na kulirudisha kila kilipoulizwa. Saini ilikuwa sahihi, daftari lililingana, na mashine haikuwapo. Hakuna aliyekusudia ubaya pale. Mtu mmoja alisahau mstari mmoja. Tangu siku hiyo, uhakiki wowote ninaoukuta, jaribio la kwanza ninalofanya ni kuizima mashine.

Kuna swali jingine hapo: utajuaje kwamba ufunguo uliotia saini ni wa chipu halisi, usiwe wa programu inayojifanya chipu? Kila TPM hutoka kiwandani na ufunguo wake wa kudumu na cheti cha mtengenezaji. Mhakiki husimba siri ndogo kwa ufunguo huo wa kudumu na kuifunga pamoja na jina la ufunguo wa ushahidi. Chipu itaifungua ikiwa tu funguo zote mbili zimo ndani yake. Siri ikirudi, umejua. Lakini bado hujui chipu hiyo imekaa kwenye mashine gani. Mtafiti Bryan Parno alilionyesha tatizo hili mwaka 2008: mashine iliyovamiwa inaweza kupeleka maswali yako kwa chipu ya mashine nyingine iliyo safi, na kukurudishia majibu yake. Ushahidi ni wa kweli, ila ni wa mwingine. Tutarudi hapo, kwa sababu dawa yake inapatikana kwenye mashine za kisasa.

Nimezungumza mpaka hapa kana kwamba umekodi seva nzima. Wewe umekodi mashine pepe, na hapo hesabu inabadilika. TPM unayoiona ukiwa ndani ya mashine pepe kwa kawaida ni programu. Inaendeshwa upande wa haipavaiza, yaani programu ya mtoa huduma inayoziendesha mashine pepe, rejista zake ni sehemu ya kumbukumbu ya mwenyeji, na vyeti vyake hutolewa na mtoa huduma mwenyewe. Inafaa kwa mambo fulani, tena ninaipendekeza: mvamizi wa nje akichomeka kitu kwenye kipakiaji chako utamwona, na diski iliyofungwa kwa TPM hiyo haifunguki kirahisi ikihamishiwa kwingine. Lakini swali lako lilikuwa kuhusu mtoa huduma na seva zake. Kwa swali hilo, kuitegemea TPM pepe ya kawaida ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Ndiyo maana zikaja mashine anazokuuzia sasa. AMD, mtengenezaji wa prosesa, ilitangaza SEV, teknolojia ya kusimba kumbukumbu za mashine pepe, mwaka 2016. SEV-SNP, iliyoongeza ulinzi dhidi ya haipavaiza inayobadilisha au kurudisha nyuma yaliyomo kwenye kumbukumbu, ilieleza usanifu wake 2020 na kufika kwenye prosesa za EPYC za kizazi cha tatu mwaka 2021. Intel ina TDX, iliyoanza kuonekana kwenye Xeon za kizazi cha nne mwaka 2023. Wazo ni moja: ufunguo wa kusimba kumbukumbu uko ndani ya prosesa, haipavaiza haina, na prosesa yenyewe ndiyo inayotia saini ripoti ya kilichoanzishwa ndani ya mashine yako. Mlolongo wa vyeti unaishia kwa mtengenezaji wa prosesa, haupiti kwa mwenye jengo.

Kwenye ripoti ya SEV-SNP kuna sehemu mbili ambazo ningetaka uzijue kwa macho. Ya kwanza ni kipimo, baiti 48, ambacho ni hashi ya kumbukumbu ya mwanzo ya mashine yako. Ya pili ni baiti 64 zilizoachwa wazi kwa ajili yako, uandike utakacho. Hapo ndipo tunapomaliza lile tatizo la Parno. Mashine yako ikishaamka, izalishe jozi ya funguo ndani ya kumbukumbu iliyosimbwa. Kisha ichukue namba yako ya mara moja na ufunguo wake wa wazi, ikokotoe hashi ya vyote viwili, na kuiweka kwenye zile baiti 64 kabla ripoti haijatiwa saini. Sasa ripoti inasema: programu hii iliyopimwa hivi ndiyo yenye ufunguo huu. Chochote unachotaka kukituma, kisimbe kwa ufunguo huo. Anayepeleka maswali kwa mashine nyingine atapata bahasha asiyoweza kuifungua. Nimeona mifumo mingi inayohakiki ripoti vizuri sana, kisha inatuma siri kwenye muunganisho wa kawaida usiohusiana na ripoti hiyo kwa lolote. Tafadhali usiiache hatua hii. Ikikosekana, kazi nyingine yote uliyoifanya inavuja pale.

Hatua nyingine isiyoachwa ni hali ya utatuzi. Mashine hizi zinaweza kuanzishwa kwa namna inayomruhusu mwenyeji kuchungulia ndani, ili watengenezaji wa programu watafute makosa. Kwenye SEV-SNP ni biti namba 19 ya sera, yaani masharti ya kuanzishia mashine yanayotajwa kwenye ripoti. Ikiwa imewashwa, haipavaiza inaweza kuiomba prosesa iisimbue kumbukumbu yako, na ripoti bado itatoka na saini sahihi kabisa, kwa sababu prosesa inasema kweli: imekuambia biti imewashwa. Msimbo unaohakiki saini na kipimo peke yake utaipitisha. AWS Nitro Enclaves, huduma iliyotoka 2020, hufanya vyema zaidi hapa: ukianzisha chumba (enclave), yaani mashine pepe ndogo iliyotengwa, katika hali ya utatuzi, thamani za PCR kwenye hati ya ushahidi zote huwa sifuri, na kwa kuwa hutumia SHA-384 utaona sifuri 96 kwa kila moja. Huwezi kuipita bila kushtuka. Ila kwenye Nitro vifaa ni vya AWS na cheti cha mzizi ni cha AWS, kwa hiyo imani yako inabaki kwake. Huo ni uamuzi halali kwa kazi nyingi, mradi uufanye ukijua.

Halafu kipimo chenyewe kimepima nini? Hili ndilo swali ninalotamani kila mteja amuulize muuzaji kabla ya kutia saini mkataba. Mara nyingi kumbukumbu ya mwanzo ni faimuwea pepe tu. Kerneli, faili za kuanzishia na diski huja baadaye. Kama faimuwea hiyo ni ya mtoa huduma na msimbo wake huuoni, umepewa namba ya baiti 48 usiyoweza kuikokotoa mwenyewe, na kazi yako inakuwa kuilinganisha na namba aliyokupa yeye mwenyewe. Unachotaka ni faimuwea ambayo msimbo wake uko wazi na unaweza kuijenga upya ukapata baiti zilezile, hashi za kerneli na vigezo vyake zikiwa zimefungwa ndani ya kilichopimwa, na diski ya mfumo iliyo chini ya dm-verity, kinga ya Linux ambapo hashi moja ya mzizi inalinda kila bloku. TDX ina kipimo cha mwanzo na rejista nne za ziada za kupimia yanayofuata, kwa hiyo mlolongo unaweza kuendelea. Kwa SEV-SNP, njia inayokua ni kuiendesha TPM pepe ndani ya mpaka uliosimbwa, kwenye ngazi ya juu ya mfumo wako, mahali haipavaiza haifiki. Swali la kuuliza ni fupi: "TPM yangu inaendeshwa ndani ya kumbukumbu iliyosimbwa, au nje?" Jibu la nje linakurudisha kwa ngedere.

Nisikufiche mipaka. Ulinzi huu una historia ya kuvunjwa, na anayekuuzia bila kukutajia hilo hakutendei haki. Mwaka 2018 shambulio la Foreshadow lilitoa funguo za ushahidi za Intel SGX, ulinzi wa awali wa Intel wa kutenga sehemu ya programu. Desemba 2024 watafiti walichapisha BadRAM: kwa kifaa cha takribani dola 10 walikidanganya kijichipu kinachotaja ukubwa wa moduli ya kumbukumbu, moduli ikasema ni kubwa kuliko ilivyo, na kwa mwanya huo wakaweza kughushi ushahidi wa SEV-SNP. AMD ilitoa marekebisho ya faimuwea. Mwaka 2025 wengine walionyesha kwamba mtu mwenye kifaa cha kuchomeka kati ya prosesa na kumbukumbu, kwanza kumbukumbu za aina ya DDR4 na baadaye za DDR5, anaweza kufikia hadi funguo za kutilia saini ripoti. Mashambulizi haya ya mwisho yanahitaji mkono kwenye seva, na watengenezaji wenyewe wanasema hayo yako nje ya ulinzi walioahidi. Kwa hiyo dhidi ya msimamizi mwenye tamaa aliyekaa kwenye skrini yake, una ngome ya kweli. Dhidi ya mtu aliyeingia chumba cha seva na bisibisi, akiwa na muda, unarudi kutegemea milango na taratibu za mwenye jengo. Kumbukumbu za wagonjwa zinastahili uyajue yote mawili.

Kwa vitendo maana yake ni hii: ripoti hubeba matoleo ya faimuwea ya prosesa. Weka kiwango cha chini, kataa kilicho chini yake, na kila kasoro mpya inapotangazwa pandisha kiwango. Orodha za vyeti vilivyofutwa zisomwe kila siku. Mhakiki asiyejua kasoro za mwaka jana atapokea kwa mikono miwili ripoti ya mashine ya mwaka juzi.

Na ushahidi huu hausemi programu yako ni nzuri. Unasema ni ipi. Fomu yako ya kuingilia ikiwa na tundu, mvamizi atapita kwenye tundu hilo ndani ya mashine iliyothibitishwa barabara. Vipimo vya kuanzia pia ni vya wakati wa kuanzia. Linux ina IMA tangu kerneli ya 2.6.30 ya mwaka 2009, ambayo hupima faili zinapoendeshwa au kufunguliwa na kuandika kwenye PCR 10, lakini anayeivamia programu ndani ya kumbukumbu bila kugusa faili haachi mstari kwenye daftari hilo.

Nije kwenye kengele zenu. Ulivyoeleza, nina hakika karibu kabisa mlichofanya: mliwasha mashine, mkasoma thamani za mwisho za PCR, mkazihifadhi kama ndizo sahihi, na mhakiki akawa anazilinganisha. Kila mtu huanzia hapo. Tatizo ni kwamba thamani ya mwisho ni tone moja la kila kitu. Kerneli ikibadilika toleo, tone lote ni jingine, na huwezi kujua kilichobadilika ni nini. Kwa PCR 10 ni mbaya zaidi. Seva yenye prosesa nyingi huanzisha huduma kwa pamoja, faili hufunguliwa kwa mpangilio tofauti kila mara, na kwa kuwa mpangilio umo ndani ya hesabu, thamani ya mwisho haitabiriki hata bila sasisho lolote. Wenzako walikuwa wanaamshwa usiku kwa ajili ya jambo ambalo halikuwezekana kulingana tangu mwanzo. Siwalaumu kwa kuzima.

Acheni kulinganisha tone. Tumieni thamani iliyotiwa saini kulithibitisha daftari, kisha mkague mistari ya daftari moja moja dhidi ya orodha ya hashi mnazozikubali. Kerneli mpya ikija, orodha inakuwa na mbili kwa muda, ya zamani na mpya, na ya zamani inaondolewa siku mnayoipanga. Hashi hizo zizalishwe pale mnapojenga picha ya mfumo, kabla sasisho halijafika kwenye seva hata moja, na orodha itiwe saini na mtu au mashine isiyo kwenye wingu hilo. Mkizikusanya kutoka kwenye seva iliyokwisha kuwashwa, mtabariki chochote kitakachokuwa kimeingia. Si kila rejista mnaihitaji. PCR 1 hubeba mipangilio ya mashine na hubadilika kwa sababu ndogo ndogo. Mimi huanza na PCR 0, 4 na 7, yaani faimuwea, kipakiaji, na hali ya Secure Boot, kisha naongeza zinazobeba kerneli na vigezo vyake. Sera ya IMA ibaneni kwenye faili zinazoendeshwa. Keylime, mradi huria ulioanzia MIT Lincoln Laboratory, unafanya sehemu kubwa ya kazi hii, na msimbo wake unasomeka.

Mhakiki asikae kwenye wingu lilelile anakohakiki. Seva ndogo mahali pengine inatosha. Kisha mpeni mamlaka: yeye ndiye anayeshika ufunguo wa diski ya kumbukumbu za wagonjwa, na mashine haiupati mpaka ushahidi wake upite. Uhakiki unaotuma barua pepe peke yake utazimwa tena, hata ukiwa sahihi, kwa sababu kuuzima hakugharimu kitu. Ukishika ufunguo, kuuzima ni kuisimamisha kazi, kwa hiyo andikeni mapema njia ya dharura: watu wawili waidhinishe, iandikwe mahali pasipofutika, na ruhusa ife yenyewe baada ya saa kadhaa. Msipoiandika, usiku wa kwanza wa shida mtu atabuni ya kwake.

Anzeni na hifadhidata moja, ile ambayo ikivuja hamtaweza kuwatazama wagonjwa usoni. Ikishasimama, fanyeni jaribio hili kabla ya kwenda kwenye nyingine: badilisheni neno moja kwenye vigezo vya kerneli, washeni mashine upya, na mtazame kama mhakiki anaunyima ufunguo na kuutaja mstari uliobadilika. Halafu iwasheni kwa hali ya utatuzi. Halafu tumeni jibu la jana. Halafu zimeni kabisa. Ufunguo ukitoka katika moja ya majaribio hayo manne, kosa litakuwa kwenye msimbo wa mhakiki wenu, na ndipo pa kuanzia marekebisho kabla hamjamlalamikia mtoa huduma.